Tumbo Linalosumbua Kila Wiki: Je, Mkosaji Ni Ngano?

Mwenye tumbo linalosumbua siku hizi hakosi mshauri wa kumwambia aache ngano. Atalisikia redioni, atatumiwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ataambiwa na jirani ambaye gesi ilimwisha alipoacha chapati. Kisha atakwenda hospitali, apimwe damu na choo, pengine amezeshwe na mpira wa kamera, na mwisho aambiwe vipimo vyote viko sawa. Anarudi nyumbani na maumivu yaleyale na maswali mawili mapya: kama vipimo viko sawa, naumwa nini? Na kama ni ngano, mbona havikusema?

Maswali yote mawili yanajibika. Kinachowachanganya watu ni kwamba mambo manne yasiyofanana huitwa kwa pamoja "aleji ya ngano", ilhali kila moja lina chanzo chake, kipimo chake na namna yake ya kuishi nalo. Nitayatenganisha. Lakini kuna jambo moja silisubirishi mpaka mwisho wa makala, maana likikosewa kulirekebisha ni kazi: kama unashuku ngano, usiiache kabla hujapimwa. Sababu yake inakuja.

Tumbo zima lisilotulia

Kuna maradhi ya tumbo yanayoonekana kwa macho au kwa hadubini: kidonda, uvimbe, minyoo, amiba. Na kuna yale ambayo kiungo chenyewe ni kizima ila utendaji wake umevurugika. Misuli ya utumbo inasukuma haraka mno au polepole mno, na mishipa ya fahamu inapeleka kwenye ubongo taarifa kali kuliko hali halisi. Madaktari huyaita matatizo ya utendaji wa mfumo wa chakula.

Linalojulikana zaidi kati ya hayo ni IBS, kifupi cha jina lake la Kiingereza, irritable bowel syndrome. Kwa vigezo vya mwaka 2016 ambavyo mabingwa duniani hutumia, mtu ana IBS akiumwa tumbo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi 3 iliyopita, maumivu yakiambatana na kwenda haja au na choo kubadilika, mara kuhara, mara kufunga choo, na tatizo liwe lilianza si chini ya miezi 6 nyuma. La pili ni dispepsia: unakula kidogo tu tumbo limejaa, au chembe cha moyo kinauma na kuwaka. Mtaani huyu wa pili huitwa mgonjwa wa vidonda vya tumbo hata pale kamera ilipopita isione kidonda chochote, na wengi hutumia dawa za vidonda miaka na miaka bila nafuu ya maana.

Wagonjwa hawa si wachache. Utafiti uliofanywa katika nchi 33 na kutangazwa mwaka 2021 ulikuta zaidi ya watu 4 kati ya kila 10 walioulizwa kupitia mtandao wana angalau tatizo moja la aina hii. Wala si watu wa kujifanyisha. Mwaka 2017 watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwanywesha wagonjwa wa IBS na watu wazima wa afya vinywaji vyenye sukari zinazochacha tumboni, kisha wakawapiga picha za MRI. Gesi na maji yaliyokusanyika tumboni yalikuwa karibu sawa kwa makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa kwenye maumivu. Fikiria mkono ulioungua kwa maji ya moto: shuka lilelile ambalo jana lilipita juu ya ngozi bila kuhisiwa, leo likigusa unaruka. Shuka halijabadilika. Tumbo la mwenye IBS liko hivyo mbele ya chakula ambacho mwenzake anakila na kusahau.

Linafikaje hapo? Njia ni nyingi, na moja inajulikana vizuri. Mwezi Mei mwaka 2000 maji ya mji mdogo wa Walkerton, nchini Kanada, yaliingia bakteria wa kinyesi cha mifugo. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 wakafa. Watafiti waliwafuatilia walionusurika. Miaka 2 hadi 3 baadaye, zaidi ya robo ya wale waliokuwa wameharisha walikuwa na dalili za IBS, na baada ya miaka 8 bado asilimia 15 hivi walikuwa nazo. Bakteria walikwisha zamani, usumbufu ukabaki. Kwetu sisi ambao homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara kwa maji machafu ni habari za kila msimu wa mvua, jambo hili lastahili kuulizwa kila mgonjwa anapojieleza: tumbo hili lilianza baada ya kuharisha vibaya?

Siliaki

Sasa ngano. Nianze na jambo zito zaidi kati ya yale manne, ugonjwa wa siliaki.

Chukua bonge la unga wa ngano uliokandwa, lioshe taratibu ndani ya bakuli la maji. Wanga unatoka na kuyafanya maji meupe, na mkononi unabaki na kitu cha kunata kinachovutika. Hicho ni gluteni, protini ya ngano. Ndiyo inayofanya chapati isukumike bila kukatika na andazi livimbe, na kwa kuwa mahindi, mchele, mtama na muhogo havina gluteni hii, unga wake hausukumi chapati ile tunayoijua. Shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi, zinazo protini za jamaa moja nayo.

Mwenye siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake haiishii kuipiga gluteni. Inashambulia pia ukuta wa utumbo wake mwembamba. Vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vinalika na kuwa bapa, na hapo mtu anaweza kula vizuri akakonda, akaishiwa damu, mifupa ikadhoofika, mtoto akadumaa. Wengine hawaharishi hata kidogo. Dalili pekee ni upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma.

Aliyeufungua uhusiano huu ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameshuku mkate tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati Waholanzi walipokosa mkate wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Katikati ya njaa ile, watoto wenye siliaki walikuwa wakipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaanguka tena. Mwaka 1950 akawasilisha tasnifu yake kuhusu jambo hilo huko Utrecht. Kabla yake, mwaka 1924, daktari wa New York aitwaye Sidney Haas alikuwa akiwatibu watoto hao kwa ndizi, akiamini ndizi ina dawa ndani yake. Watoto walipona kweli, ila walipona kwa sababu ya kile ambacho ndizi iliondoa sahanini.

Katika nchi nyingi zilizopima watu kwa wingi, siliaki inampata mtu mmoja hivi kati ya 100. Na si ugonjwa wa Wazungu kama wengi wanavyodhani. Kiwango cha juu kabisa kuwahi kuandikwa, zaidi ya asilimia 5, kilipatikana Afrika, kwa watoto wa Wasaharawi wa Sahara Magharibi.

Kipimo chake cha kwanza ni cha damu. Kinatafuta kingamwili zinazoitwa tTG, na pamoja nacho hupimwa jumla ya kingamwili za aina ya IgA, maana asiye na IgA za kutosha anaweza kuonekana mzima kumbe mgonjwa. Damu ikionyesha dalili, kwa kawaida kamera huingizwa na kinyama kidogo huchukuliwa kwenye utumbo mwembamba. Vipimo hivi vyote vinatafuta uharibifu ambao gluteni inaendelea kuufanya. Ukiacha ngano miezi kadhaa, utumbo unaanza kupona, kingamwili zinashuka, na kipimo kinasema huna kitu. Hapo ndipo lilipo lile nililosema mwanzo. Mwongozo wa Uingereza unamtaka anayepimwa awe amekula vyakula vyenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki 6 kabla ya kipimo. Aliyekwisha kuacha analazimika kurudia kula kitu kinachomtesa ili apimwe, na wengi hawawezi. Wanabaki maisha yao yote bila kujua kama ngano inawaletea gesi tu au inawala utumbo. Tofauti ni kubwa sana, kwa sababu mwenye siliaki haruhusiwi hata kipande cha sambusa siku ya Idi, na mwenye tatizo dogo anaruhusiwa.

Jambo la pili, mzio halisi wa ngano, nitalipitia haraka kwa kuwa halifichiki. Ni aleji kama ile ya karanga au dagaa: dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, midomo inavimba, ngozi inatoka mapele, pumzi inabana. Waokaji wengine hupata pumu kwa kuvuta vumbi la unga. Anayebanwa na pumzi baada ya kula ngano aende hospitali siku hiyohiyo.

Mshukiwa ambaye hatajwi

Baada ya kuondoa siliaki na mzio, wanabaki watu wengi ambao vipimo vyao ni safi na bado wanasema, kwa uhakika kabisa, nikila mkate naumwa. Hawa wengi wao ni wenye IBS au dispepsia, na juu yao ndipo sayansi imebishana zaidi.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, waliwachukua watu 34 wenye IBS, wasio na siliaki, wakawapa mikate na keki ambazo baadhi zilikuwa na gluteni na nyingine hazikuwa nayo, bila mlaji kujua. Waliokula gluteni waliumwa zaidi. Habari ikazagaa, na biashara ya vyakula visivyo na gluteni ikapata nguvu mpya. Lakini watafiti walewale hawakuridhika. Mwaka 2013 walirudia na watu 37, safari hii wakiwatoa kwanza kwenye vyakula vyote vyenye sukari zinazochacha. Dalili zikapungua kwa karibu wote. Kisha wakawaingizia gluteni kwa siri. Haikuleta tofauti yoyote ya maana. Nawaheshimu sana watu hawa: walichapisha jibu lililopingana na lile lililowapa umaarufu.

Basi katika ngano kilichokuwa kikiwaumiza ni nini? Hapa ndipo lilipo jambo la tatu. Ngano ina kitu kingine, kidogo kwa uzito, kinachoitwa fruktani. Ni minyororo mifupi ya sukari ambayo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuikata, si wa mgonjwa tu, wa mtu yeyote. Inapita utumbo mwembamba ilivyo, inafika utumbo mpana, na bakteria wa huko wanaichachusha na kutoa gesi. Kwa mtu mwenye utumbo mtulivu, hili ni jambo jema, kwani bakteria hao wanatufaa. Kwa yule ambaye utumbo wake unahisi kila kitu kwa ukali, ni tumbo kujaa, kuunguruma na kuuma saa kadhaa baada ya kula.

Mwaka 2018 watafiti wa Oslo, Norwe, waliwapata watu 59 walioacha gluteni kwa uamuzi wao wenyewe. Kila mmoja alipewa kwa zamu vipande vitatu vya nafaka vinavyofanana kwa sura na ladha, kila kimoja kwa siku 7: kimoja chenye gluteni, kimoja chenye fruktani, kimoja kisicho na chochote kati ya hivyo. Watu 24 waliumwa zaidi wiki ya fruktani, 22 wiki ya kile kisicho na kitu, na 13 tu wiki ya gluteni. Walioikimbia gluteni, wengi wao walikuwa wakimkimbia asiye na kosa.

Angalia sasa kilichotokea kwa yule jirani aliyepona gesi alipoacha chapati. Hakudanganya. Alipoacha ngano aliacha fruktani pia, na nafuu yake ni ya kweli. Aliyemwambia "ni gluteni" ndiye aliyekosea. Na kosa hilo lina gharama, kwa sababu fruktani haikai kwenye ngano peke yake. Imejaa kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Mtu anaacha mkate, ananunua tambi za bei mbaya zilizoandikwa hazina gluteni, kisha anazila na mchuzi uliokaangiwa vitunguu vitatu, na kushangaa tumbo limejaa.

Umeona pia wale 22 wa Oslo walioumwa zaidi na kipande kisicho na kitu. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walikuta jambo la karibu na hilo. Kati ya wagonjwa 28 wa IBS walioamini gluteni inawadhuru, 11 walizidiwa wiki ya ngano nzima, 10 wiki ya gluteni tupu, na 8 wiki ya chakula cha kulinganishia (kuna aliyezidiwa zaidi ya wiki moja). Walipoonyeshwa majibu yao wenyewe, wengi hawakubadili mlo wala imani. Na jaribio jingine la Uholanzi na Uingereza la mwaka 2024 lilionyesha kwamba kuambiwa "mkate huu una gluteni" kunaongeza dalili, na gluteni yenyewe bila kujulikana haiongezi sana.

Naomba hapa nisieleweke vibaya, maana wagonjwa wamekwisha kudharauliwa vya kutosha. Kusema hofu inazidisha maumivu si kusema maumivu ni ya kubuni. Ubongo na utumbo vimeunganishwa na mishipa ya fahamu inayopeleka habari pande zote mbili, saa zote. Kila mtu aliyewahi kukimbilia choo asubuhi ya mtihani anajua kwamba hofu husukuma utumbo halisi, na kinachotoka ni halisi.

Wala mlango wa kinga ya mwili haujafungwa. Mwaka 2021 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliwadunga wagonjwa 12 wa IBS kiasi kidogo sana cha ngano, gluteni, soya na maziwa moja kwa moja kwenye utando wa utumbo mpana, kupitia kamera. Wote 12 walionyesha kuvimba kwa angalau kitu kimoja. Kwa watu 8 wenye afya, ni 2 tu. Majaribio yao kwa panya yalieleza namna gani: maambukizi ya tumbo yakitokea wakati panya anakula chakula fulani, utumbo unajifunza kukichukia chakula hicho mahali palepale, ingawa aleji haionekani kwenye damu wala kwenye ngozi. Hili ndilo jambo la nne, kutopatana na ngano kusiko siliaki wala mzio wala fruktani. Lipo, naamini lipo, lakini halina kipimo cha maabara mpaka leo, na wanaolipata wanaelekea kuwa wachache kuliko wanaodai kuwa nalo.

Yale yanayosemwa

Kwa kuwa halina kipimo, wapo wanaouza kipimo. Mtu analipa fedha nyingi, anatolewa damu, anarudishiwa orodha ya vyakula 40 asivyopaswa kula, ngano ikiwa juu. Vipimo vingi vya namna hii hupima kingamwili za IgG, ambazo mwili hutengeneza kwa chakula chochote ulichokizoea. Orodha hiyo inakuonyesha ulichokula, haikuonyeshi kinachokudhuru. Vyama vya madaktari wa mzio, Marekani na Ulaya, vimeonya visitumike. Nimesikitika kuona watu waliodhoofika tayari wakiacha mayai, samaki na maziwa kwa mpigo kwa sababu ya karatasi hiyo.

Linasemwa pia kwamba ngano ya siku hizi imebadilishwa vinasaba, ndiyo maana inatuumiza kuliko ya babu zetu. Ngano iliyouzwa duniani hadi mwaka 2020 haikuwa ya kuhamishiwa vinasaba maabara. Aina ya kwanza kuruhusiwa kulimwa, ile ya kustahimili ukame, iliruhusiwa Argentina mwaka 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, walilinganisha ngano za kale na za kisasa mwaka 2016 na kukuta kwamba jambo kubwa zaidi ni muda wa kuumua. Donge lililoumuliwa saa moja lilikuwa na sukari zinazochacha kwa wingi wake wote. Baada ya saa 4 na zaidi, ilibaki sehemu moja hivi ya kumi. Chachu ilikuwa imezila. Mkate unaoumuliwa haraka haraka kwa hamira nyingi hauna nafasi hiyo, na chapati haiumuliwi kabisa, fruktani yake yote inafika tumboni ilivyo. Huenda hii ndiyo sababu baadhi ya watu wanasema andazi lililolala usiku kucha haliwasumbui kama chapati.

Kisha kuna ushauri wa mkate wa brauni. Mtu amefunga choo, anaambiwa ale mkate wa brauni na pumba za ngano. Kwa mtu wa kawaida sawa. Kwa mwenye IBS, pumba za ngano mara nyingi huzidisha gesi na maumivu, na fruktani kwenye ngano isiyokobolewa ni nyingi zaidi.

Chapati, maharage na chai ya maziwa

Turudi jikoni. Mtu anakunywa chai asubuhi: chapati mbili, bakuli la maharage, kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Saa tano tumbo limevimba, na lawama zote zinaangukia chapati. Mezani pale palikuwa na washukiwa wanne au watano. Chapati ilileta fruktani. Maharage yalileta sukari nyingine isiyoyeyushwa na utumbo wetu, kwa wingi kuliko ngano. Maziwa yalileta laktosi, sukari ya maziwa, ambayo sehemu kubwa ya watu wazima Afrika Mashariki hawaimeng'enyi vizuri, isipokuwa jamii nyingi za wafugaji ambazo miili yao ilizoea maziwa kwa vizazi. Maharage yalikaangwa kwa kitunguu. Na mafuta ya chapati yenyewe yanachelewesha chakula kutoka tumboni na kuamsha misukosuko ya utumbo. Ukiacha mlo huo wote ukapona, hujajifunza chochote kuhusu ngano.

Ukitaka kujua kweli, anza na vipimo ukiwa bado unakula ngano: damu ya siliaki, wingi wa damu, choo kwa minyoo, amiba na giadia, na bakteria wa H. pylori kama maumivu yako ni ya chembe cha moyo. Kama kipimo cha siliaki hakipo kwenye maabara ya mtaani, ulizia hospitali ya rufaa. Na kuna dalili ambazo ukiwa nazo mambo ya mlo yasubiri kwanza: damu kwenye choo, kukonda bila kutaka, homa, kutapika kusikoisha, chakula kukwama kooni, maumivu yanayokuamsha usiku, upungufu wa damu, tatizo lililoanza baada ya miaka 50, au ndugu wa karibu aliyeugua saratani ya utumbo. Hizo si dalili za IBS.

Vipimo vikiwa safi, acha ngano peke yake kwa wiki 4, mengine yabaki kama yalivyo. Andika kila siku ulichokula na tumbo lilivyokuwa. Kumbukumbu ya kichwani inapendelea kile tunachokishuku. Soma mifuko, maana uji wa lishe uliochanganywa mara nyingi una ngano ndani. Wiki 4 zikipita bila mabadiliko, ngano haina kosa. Irudishe, ugeukie maziwa au maharage.

Ukipata nafuu, bado kuna swali moja, na jibu lake linapatikana kwa bei ya sokoni. Kula wali na samaki wa kukaanga, bila ngano yoyote, pamoja na kachumbari yenye kitunguu cha kutosha. Rudia siku nyingine. Kama kachumbari inakuletea yaleyale ambayo mkate ulikuletea, unachopambana nacho ni fruktani, na huna sababu ya kuogopa gluteni. Vitunguu ndivyo vya kupunguza kwanza. Fruktani inayeyuka kwenye maji ila haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo unaweza kukaanga vipande vikubwa vya kitunguu saumu kwenye mafuta makavu, uvitoe, na upikie mafuta hayo. Harufu na ladha vinabaki. Majani mabichi ya vitunguu yanafaa, upande mweupe uache. Maharage loweka usiku kucha, maji ya kwanza mwaga, chemsha kwa mapya na hayo pia mwaga.

Kisha rudisha ngano taratibu. Nusu chapati leo, siku mbili za kutazama, chapati moja, siku mbili tena. Wengi wenye tatizo la fruktani hugundua wana kiwango chao: kipande kimoja cha mkate hakina neno, vinne vina neno. Hakuna sababu ya kumnyima mtu wa namna hiyo keki ya harusi ya mwanawe. Mlo wa kukwepa sukari zote zinazochacha, ule ulioanzia Monash, umewasaidia wengi, lakini ulikusudiwa kuwa wa wiki 2 hadi 6 na baadaye vyakula kurudishwa kimoja kimoja. Anayeufuata mwaka mzima anawanyima chakula bakteria wake na pengine anajinyima mwenyewe, hasa kama ni mwembamba, mjamzito, au chakula nyumbani ni cha kubahatisha. Afanye akiwa na mtaalamu wa lishe.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake anaharisha mara kwa mara, tumbo limetuna, uzito hauongezeki kwenye kadi ya kliniki: usimwondolee ngano kwa ushauri wa mtandaoni. Mwendelee naye na chakula chake cha kawaida, mpeleke, na umwombe daktari kwa jina kipimo cha siliaki pamoja na cha choo.